Ubao wa Bango la Nje: Tazama Kingo Kabla ya Bei

Bango la nje haliozi kuanzia usoni. Maji hupenya kwenye kingo zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu, rangi inavimba, na lawama zote anabebeshwa muuza rangi. Kwa hiyo nimepanga daraja hizi kwa swali moja: ukishakata kipande, ukingo wake utaivumilia mvua?

1. Alumini yenye plastiki katikati. Mafundi wengi huiita Alucobond, ingawa hilo ni jina la bidhaa moja tu. Milimita 3 zinatosha kwa bango la ukutani. Haivimbi, haipigwi kutu, na hukatika kwa msumeno wenye meno madogo. Stika hushika vizuri ukishaufuta uso kwa spiriti. Ukitaka kuandika kwa brashi, piga kwanza msasa laini uondoe mng'ao. Bei yake ni ya juu, na ikidondoka kona zinapondeka.

2. Plaiwudi ya nje, au ile ya kuundia boti. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kinachohimili maji ni gundi. Mbao zenyewe bado zinaweza kuoza. Plaiwudi ya boti huzidi nyingine kwa kuwa tabaka zake za ndani hazina mapengo, lakini ukiiacha bila rangi, itaoza sawa na nyingine.

Toboa matundu yote kabla ya kupaka. Lainisha kona kwa msasa ziwe za mviringo kidogo, maana rangi hukimbia kona kali na kubaki nyembamba pale pale inapohitajika zaidi. Kingo zipake praima (rangi ya msingi) mara mbili au tatu, na ndani ya matundu pia. Nyuma usiparuke: ubao uliopakwa mbele tu hunyonya unyevu upande mmoja, ukapinda. Malizia kwa rangi ya nje, mikono miwili (yaani mara mbili). Ukipenda mbao zionekane, tumia vanishi ya nje yenye kinga ya jua, na ukubali kuirudia. Vanishi ya ndani ya nyumba itapasuka.

3. PVC ya povu, yaani ubao wa plastiki wenye povu gumu ndani. Nyepesi, haiozi, kuikata ni raha. Adui yake ni joto: hutanuka na kulegea, hasa ukiipaka rangi nyeusi na kuianika juani. Toboa tundu pana kuliko skrubu, weka washa (kile kiduara cha chini ya kichwa cha skrubu), usikaze mno.

4. Bati la chuma lililopakwa zinki. Lingepanda juu kama si zinki. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye zinki hugeuka kitu kama sabuni chini yake, kisha inabanduka vipande vipande. Tumia praima ya bati lenye zinki, na funika vizuri kingo ulizokata, kwani kutu huanzia hapo.

5. Plastiki yenye mifereji ndani, kama kadibodi. Ya tangazo la muda mfupi tu.

MDF ya kawaida, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, siipi nafasi hata ya mwisho. Ikilowa inavimba kama mkate kwenye chai, na hairudi.

Skrubu nunua za chuma kisichoshika kutu, la sivyo michirizi ya kahawia itachafua kazi nzuri. Urefu wa herufi uwe kama sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Na nyekundu, hata ikikuvutia vipi, kwa kawaida hupauka mapema juani. Namba ya simu iandike kwa nyeusi.