Kununua Tembo Malindi: Mjue Mgema Kabla ya Kuuliza Bei

Anayenunua bia ya chupa husoma jina la kiwanda, tarehe na kiwango cha kileo, kisha akalipa na kwenda zake. Anayenunua tembo la mnazi hapa Malindi hana cha kusoma. Wagema wengi wa Ganda, Kakuyuni, Gede na viunga vingine vya mji hawana mahali pao pa biashara: minazi wanayoikwea ni ya wenye mashamba waliopatana nao, na tembo lenyewe huuzwa chini ya paa la mtu mwingine. Hata Ulaya wapo watengenezaji bia wa namna hiyo. Mikkeller ya Denmark ilianza mwaka 2006 bila kiwanda chake, ikapika bia zake katika mitambo ya wenzake, na wanywaji wakaifuata kwa sababu walimwamini aliyebuni mapishi. Kwa tembo jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mkono wa mgema, chombo chake na saa aliyoshuka mtini ndivyo vinavyoamua utakachokunywa. Nimezipanga njia za kununua kwa kipimo hicho, kuanzia iliyo bora hadi ile ambayo singemshauri mtu yeyote aifuate.

Kwanza ni vyema kuelewa kinachotokea ndani ya kibuyu. Mgema huchagua karara ambalo halijapasuka, akalifunga kwa kamba, akaikata ncha yake kwa kotama, kisha akatundika chombo cha kukinga. Asubuhi na jioni hurudi kuteremsha kilichokusanyika na kukata kipande chembamba kingine ili kidonda kisizibe. Utomvu unaotoka una sukari ya takriban asilimia 12 hadi 15 na hauna kileo chochote, lakini hamira ya asili na bakteria waliomo chomboni huanza kazi mara moja, hivi kwamba baada ya saa chache kileo kinaweza kufika asilimia 4. Kufikia kesho yake tembo limekuwa kali, na siku zinazofuata uchachu hulivuta kuelekea siki. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi linapaswa kuwa hili: limeteremshwa saa ngapi?

Njia ya kwanza kwa ubora, na hapa sina shaka hata kidogo, ni kununua chini ya mnazi, asubuhi, mgema mwenyewe akiwepo. Unaliona likishuka. Unakiona chombo, na unaweza kukinusa kabla hakijajazwa tena. Tembo zuri la asubuhi lina weupe wa ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, povu lake ni jepesi na halikomi kuchemka taratibu, na ukichovya vidole viwili ukaviacha vikauke, hushikamana kwa utamu uliobaki. Lililotiwa maji huacha vidole vikavu. Usiogope nyuki wawili watatu waliozama humo, kwani nao walifuata utamu. Chuja kwa kitambaa safi, au tumia mrija wenye kichujio cha nyuzi kama wanywavyo wazee. Ubaya wa njia hii ni kwamba inakudai uamke mapema na uagize siku kadhaa kabla, kwa sababu mnazi mmoja hutoa lita moja au mbili tu kwa siku, na mgema aliye hodari ana wateja wake wa kudumu. Mwambie unataka kiasi gani, na umweleze pia kama unataka tamu au kali. Ukitaka tamu, mwombe akuoshee chombo vizuri kabla ya kukitundika, kwa sababu masalio ya jana ndiyo yanayoharakisha uchachu.

Ukishampata mgema wa kweli, endelea kuonja kila mara anapokuletea. Methali ya mgema kulitia tembo maji anaposifiwa si pambo la darasani. Waliotuachia walikuwa wanunuzi. Mzigo wa kwanza huwa mzuri karibu kila mara, na ni ule wa tatu au wa nne, mazoea yakishaingia, unaohitaji kuchovywa vidole.

Ya pili ni mangwe, yaani kilabu cha tembo, yenye mwenyewe anayejulikana, na mara nyingi mwenyewe huyo ni mama aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Faida yake ni kwamba yeye ameshakuchagulia wagema, na anajua ni nani huchelewa na nani huchanganya la jana na la leo. Muulize kwa heshima, “Mama, hili ni la asubuhi au ni la jana?” na ukimwona akikuelekeza kwenye chombo tofauti bila kusitasita, basi umefika pazuri. Anayeviweka vyombo vyake mbalimbali kwa saa zake ananunuliwa hata kama bei yake imezidi kidogo. Hakikisha pia kwamba ana leseni ya kaunti, na kumbuka kuwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo usimtume mtoto kukununulia.

Ya tatu ni kuletewa mtungi wa plastiki kwa bodaboda. Njia hii ndiyo inayotumika zaidi kwa shughuli kubwa, na ndiyo iliyoniumiza. Tulipokwenda kumposea ndugu yangu mdogo, niliagiza lita 20 kwa simu kutoka kwa muuzaji nisiyemjua. Mtungi ulipofika ulikuwa umefura ubavuni kama puto, maana kifuniko kilikazwa na gesi ya uchachu haikuwa na pa kutokea, na nilipoufungua, nusu yake iliruka juu ya kanzu yangu. Nusu iliyobaki ilinuka mafuta ya taa. Wazee wa upande wa pili walikuwa wameshakaa mkekani wakisubiri kadzama yao, yaani tembo la posa, na ilibidi tuwaombe radhi na kuahirisha sehemu hiyo ya mazungumzo hadi jioni. Tangu siku hiyo, kama sina budi kuletewa, hupeleka mtungi wangu mwenyewe niliouosha kwa maji ya moto, na humwambia mwendeshaji aufunike kwa kitambaa kilichokunjwa badala ya kifuniko, na asiuache juani njiani.

Ya nne ni chupa za plastiki zinazouzwa kando ya barabara na watu wasioweza kukutajia mgema. Mchana, ukikuta chupa ambayo inadaiwa kuwa ya asubuhi lakini bado ni tamu mno na imetulia bila povu, shuku kwamba imeongezwa sukari au sakarini, kwa kuwa tembo halisi la saa hiyo huwa limeanza kupoteza utamu. Singenunua.

Na pombe iliyokenekwa kutokana na tembo ikauzwa kwa siri haimo katika mpangilio huu kabisa. Mnunuzi hana njia ya kutambua kwa macho wala kwa ulimi kama imechanganywa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Kuhusu kiasi, wageni wasiozoea huridhika na nusu lita kila mmoja, ilhali wazee waliozoea uwahesabie lita mbili. Miongoni mwa wageni wako watakuwepo Waislamu, Malindi ikiwa Malindi, basi liweke tembo upande wake na vyombo vyake, na uandae madafu ya kutosha. Litakalobaki usilimwage: liache kwenye chungu kilichofunikwa kwa kitambaa kwa wiki kadhaa, nalo litakupa siki nzuri ya kutilia achari ya maembe.