Kalamu ya kupima almasi: inalia vizuri, lakini rangi haiijui

Haya, hamjambo? Karibuni tena mezani kwangu. Leo nina ile kalamu mnayoniulizia kila wiki, ya kupima almasi, nyeusi, yenye vitaa pembeni. Niliipata barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa bei ya jozi nzuri ya viatu vya mtumba pale Gikomba. Sikilizeni nikigusa jiwe... Mmesikia? Imelia. Ni almasi. Na hapo ndipo wengi huzima video wakakimbilia kwa sonara.

Usizime bado.

Ncha hii hupashwa moto, halafu kalamu inapima jiwe linavyolivuta lile joto. Almasi hulivuta upesi ajabu. Kioo hakiwezi, zirkonia, ile almasi bandia ya bei rahisi, haiwezi. Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hata hivyo, huiponyoka, kwa hiyo kalamu nyingine zimeongezewa kipimo cha umeme, kwa sababu moisanaiti nyingi hupitisha umeme na almasi ya kawaida haipitishi. Wazo zuri. Ila hapo pana mtego, nitaurudia.

Mimi kazi yangu ni kuthamini vito, hasa vya watu wanaotaka kuvikatia bima. Swali linalonitoa jasho ni hili: rangi hii jiwe limezaliwa nayo, au ni rangi ya kupikwa, yaani iliyotiwa na binadamu? Almasi ya karati 2 (karati ni kipimo cha uzito wa vito) yenye bluu ya asili iliyokolea inaweza kukununulia nyumba. Ya ukubwa uleule iliyopigwa mionzi ili ipate rangi, pengine gari la mtumba. Na kalamu hii itazililia zote mbili mlio uleule.

Juzi dada mmoja aliniletea pete ya marehemu shangazi yake. Jiwe la bluu inayoelekea kijani. Kalamu ikalia, dada akatabasamu. Nikamwambia, tulia kwanza, tunywe chai.

Bluu ya asili mara nyingi huletwa na boroni, elementi iliyoingia kwenye jiwe likiwa bado chini sana ardhini, na boroni hiyo ndiyo inayoifanya almasi ipitishe umeme. Ndiyo bluu ya Hope, almasi ile maarufu ya karati 45.52 iliyoko makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Mmeuona mtego? Kalamu yenye kipimo cha umeme inaweza kuishika almasi adimu ajabu na kuiita moisanaiti! Nikiwaambia msiamini mlio, maana yangu ndiyo hiyo.

Jiwe la yule dada halikupitisha umeme. Basi ni la kupikwa? Hapana, msiruke. Zipo bluu za asili zisizo na boroni. Na kwa upande mwingine, almasi ya maabara iliyotiwa boroni hupitisha umeme bila shida. Kipimo hiki kinakupa dalili tu.

Kwa hiyo nikaiacha kalamu, nikachukua lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10. Hii ndiyo naipa alama za juu leo. Lipindue jiwe, ncha yake ya chini ikutazame, weka karatasi nyeupe nyuma, tazama rangi imekaa wapi. Rangi ya asili ikiwa na mistari, mistari hiyo hufuata jinsi jiwe lilivyokua. Ya mionzi mara nyingine hufuata jinsi fundi alivyolikata, maana iliingia baada ya kukatwa. Jiwe likipigwa kutokea nyuma, unaweza kuona umbo kama mwavuli uliofunguliwa kuizunguka ile ncha. Ukiuona mwavuli, kesi imekwisha. Na kama rangi ni ya kupakwa juu, tafuta michubuko kwenye kingo, au mng'ao kama wa mafuta yaliyomwagika kwenye maji ya mvua barabarani.

Mwavuli sikuuona. Niliona rangi imekolea kidogo karibu na nyuso za chini, basi.

Mniruhusu nilalamike kuhusu kijani, kwa sababu kijani kinatesa. Kijani cha asili nacho huletwa na mionzi! Madini ya ardhini hulipiga jiwe kwa muda mrefu mno, na maabara hulipiga kwa muda mfupi, lakini kovu ni karibu lilelile. Ile almasi ya kijani ya Dresden, Ujerumani, karati 41 hivi, ni ya asili. Lakini kuna mawe ambayo hata maabara ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, yenye mashine zote zile, huyaandikia kwamba chanzo cha rangi hakijulikani. Sasa wewe na kalamu yako ya Luthuli?

Almasi ya rangi ya waridi ni hadithi nyingine. Rangi hiyo huja jiwe likikandamizwa hadi mpangilio wa atomi zake upinde. Majirani zetu wa Mwadui, Tanzania, walitoa la karati 54.5 mwaka 1947, akazawadiwa Elizabeth, malkia wa baadaye wa Uingereza, alipoolewa. Siku hizi mitambo ya joto na shinikizo kubwa inaweza kubadilisha rangi ya almasi ya kahawia, na lenzi peke yake haitakuonyesha. Hapo ni spektroskopi, yaani kupima mwanga unavyopita kwenye jiwe, na ni maabara.

Tochi ya kukagua noti bandia? Msihangaike. Mwanga wake si ule unaofaa kutazama almasi ya bluu inavyoendelea kung'aa taa ikizimwa.

Kwa hiyo kalamu: ukinunua mawe madogo meupe, inunue, itakuokoa na vioo. Ukithamini almasi za rangi, weka pesa kwenye lenzi nzuri kwanza. Na fundi akitaka kulehemu pete yenye jiwe la rangi usilolijua, mwambie alitoe jiwe kwanza, maana rangi ya mionzi inaweza kubadilika kwa moto.

Ripoti ya yule dada niliiandika: almasi, bluu-kijani, chanzo cha rangi hakijathibitishwa, ipelekwe maabara kabla ya kukatiwa bima. Hakufurahi. Alitaka niandike "asili" na tarakimu nene. Chai aliimaliza, lakini, na pete ameshaituma.