Kebo bapa ya Cat6: uzoefu wangu kwenye nyumba ya mawe, Bugando

Nyumba tunayopanga iko mlimani Bugando. Wanaoishi huku Mwanza wanajua: jiwe likigoma kuvunjika, ukuta unajengwa juu yake. Chumba changu cha kazi kimeegemea jiwe kama hilo, ruta iko sebuleni, na Wi-Fi ikinifikia imeshachoka. Nahariri video za harusi na kuzihifadhi kwenye diski iliyounganishwa na ruta, kwa hiyo waya wa mtandao kwangu ni lazima, na Cat6 ni daraja mojawapo la kebo hizo.

Fundi wa kwanza alikuja na kebo ya kawaida, ile ya duara yenye unene wa kama milimita 6. Tulipoipitisha kizingitini, mlango ukagoma kufunga. Mwenye nyumba naye hataki drili: "Mwanangu, pitisha unakoweza, ukuta wangu usiuguse." Fundi akashauri tuiingize kwenye paipu ya umeme. Nilikataa katakata, na wewe ukiambiwa hivyo ukatae. Waya wa umeme ukichubuka humo ndani, volti 230 zinaweza kuifuata kebo hadi kwenye kompyuta, au mkononi mwako.

Ndipo nikanunua kebo bapa, mita 15, kwa shilingi 22,000. Haifiki milimita 2 kwa unene. Ililala kizingitini, ikafuata ukuta, mlango ukafunga bila kelele. Faili la GB 30 lilikwenda kwa dakika kama 5. Nilifurahi mno.

Baada ya miezi miwili, faili la ukubwa uleule likachukua zaidi ya dakika 40. Intaneti ilikuwepo, kila kitu kikifunguka, ndiyo maana sikushtuka mapema. Fundi mwingine akachomeka testa, kifaa chenye taa moja kwa kila waya wa ndani ya kebo: taa zikawaka 1, 2, 3, 4, 5, 6, ikaruka 7, ikawaka 8. Waya mweupe wenye mstari wa kahawia ulikatika pale kwenye kona ya fremu, nilipoikunja kebo kama karatasi na mlango ukawa unaibana kila siku. Kasi ya Mbps 1,000 (megabiti kwa sekunde) inahitaji nyaya zote 8. Ikikosekana moja kati ya hizo za kahawia, vifaa vinashuka hadi 100, ambayo inatumia nyaya 4 tu, na hakuna anayekuambia.

Alijaribu kukata na kufunga kichwa kipya, yaani plagi ya mwisho wa kebo, mara mbili, ikashindikana. Nyaya za ndani ni nyembamba sana, za nyuzinyuzi, na vichwa alivyokuwa navyo ni vya kebo nene. Kwa hiyo pima njia yako kwa kamba kabla ya kwenda dukani, ununue urefu unaotosha, vichwa vikiwa vimeshafungwa kiwandani. Soma pia maandishi: ikiandikwa CCA, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Iache.

Kebo bapa ya pili, niliyonunua badala ya ile, nimeipitisha juu ya mlango, upande wa bawaba, ambako haikanyagwi wala kubanwa. Kila kona nimeizungusha kwa kufuata kizibo cha soda, nikaishika kwa gundi ya vipande, bila misumari. Huu ni mwezi wa saba, na dakika ni zilezile 5.

Kwa ndani ya nyumba iliyobanana naipa nyota 4 kati ya 5. Kamera ya nje inayovuta umeme kupitia kebo hiyohiyo siwezi kuiwekea hii; nyaya zake ni nyembamba mno kwa kazi hiyo. Huko nitaweka ya duara.