Mwaka mmoja na keria ya kubebea mitumbwi: uzoefu wangu Mombasa

Nilinunua keria hii mwezi wa Agosti mwaka jana katika duka la vipuri vya magari hapa Mombasa, kwa shilingi 14,500, baada ya kuchoka kukodi pikapu kila tulipotaka kupeleka mitumbwi yetu Mtwapa. Ni vyuma viwili vya bomba vinavyofungwa kwa bolti kwenye reli za paa la gari, pamoja na mikanda miwili ya racheti, yaani yenye kifaa cha meno cha kuikazia kwa mpini, iliyokuja ndani ya boksi. Mitumbwi yetu ni ya plastiki, ile inayoitwa kayaki, na kila mmoja una urefu wa mita 3.6 na uzito wa kilo 26.

Vyuma vyenyewe ninavisifu bila kusita. Kabla ya kila safari huvishika na kuvitikisa kwa nguvu, na mpaka leo havijawahi kucheza peke yavyo. Gari zima hutikisika pamoja navyo. Nimeviachanisha kwa sentimita 85, kwa kuwa vikikaribiana mno mtumbwi huyumba kama mzani kila gari linapopanda tuta. Kitabu cha gari langu kinaruhusu kilo 75 juu ya paa, na humo imo keria yenyewe, ambayo ina kilo 9, kwa hivyo mitumbwi miwili inanifikisha kilo 61 na makasia huyaweka ndani. Aliyezoea mtumbwi wa kuchongwa kwa gogo la mwembe asidhani kwamba keria ya namna hii itaubeba. Huo ni mzigo wa pikapu.

Malalamiko yangu ni juu ya mikanda. Racheti hukaza kwa nguvu kuliko mkono unavyoweza kuhisi, na plastiki haina mahali pa kukimbilia. Siku moja tulifika Mtwapa saa nne asubuhi, maji yakiwa yametoka, tukaona ni heri tusubiri yajae, tukaliacha gari juani na mitumbwi ikiwa imekazwa vilevile. Tulipoifungua saa nane, tumbo la mtumbwi mmoja lilikuwa na bonde la upana wa kiganja pale lilipolalia chuma, kwa sababu joto lilikuwa limelainisha plastiki na mkanda ukaendelea kuivuta. Bonde lile lilirudi kidogo baada ya siku kadhaa, lakini halijaisha. Tangu hapo ninatumia mikanda ya kawaida ya poliesta yenye bizimu, ambayo huvutwa kwa mkono tu, na gari likisimama juani kwa muda mrefu huilegeza. Ya nailoni niliikataa kwa kuwa hurefuka ikilowa maji, na mtumbwi unaotoka baharini haukosi maji.

Maelezo yaliyokuja na keria hayakutaja kabisa kamba za mbele na nyuma, na hilo naliona kosa kubwa. Mwezi wa Juni, upepo wa Kusi ukivuma sana, nilivuka daraja la Nyali nikiwa na mtumbwi mmoja uliofungwa kwa mikanda miwili peke yake. Katikati ya daraja upepo uliingia chini yake kutoka upande wa bahari, omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, likainuka na kugeukia kushoto huku nikilitazama kupitia kioo cha mbele, na lori lilikuwa nyuma yangu. Mikanda haikukatika wala keria haikung'oka, ila mtumbwi ulikuwa umeteleza karibu shubiri nzima kufikia niliposimama pembeni, ng'ambo ya daraja. Sitaki kufikiria ungemwangukia nani.

Sasa mtumbwi huulaza kifudifudi, mikanda huizungusha chini ya vyuma vya keria, kisha kutoka omo hushusha kamba mbili zinazoachana kama herufi V hadi kwenye kulabu zilizo chini ya bampa, na nyuma hufunga kamba moja kutoka tezi, yaani ncha ya nyuma ya mtumbwi. Kamba hizi hazihitaji kukazwa sana, lakini ncha zake zote lazima zifungiwe juu, maana kamba inayoning'inia ikikanyagwa na gurudumu itauvuta mtumbwi wote. Mkanda husokotwa mara moja kabla ya kukazwa, la sivyo upepo huupiga ukavuma hadi usisikie anachosema aliye kando yako. Tezi inapochomoza nyuma ya gari hufunga kitambaa chekundu, hasa tunapokwenda Likoni, kwa sababu ndani ya feri watu hupita wamebanana ubavuni mwa magari na mtumbwi huwa usawa wa vichwa vyao. Kilomita kama tatu baada ya kuondoka husimama na kujaribu kila fundo, kwa kuwa mzigo hujipanga upya barabarani.

Chumvi nayo ina yake. Rangi ya vyuma imestahimili, lakini bolti zilianza kutu mwezi wa nne, na fundi alinibadilishia zote akaniwekea za chuma kisichoshika kutu, akazipaka grisi. Tangu hapo huisuuza keria kwa maji yasiyo na chumvi kila tunaporudi.

Kwa bei ile ningeinunua tena, nikamwachia muuzaji mikanda yake. Kilichobaki ni mpira wa mguu wa keria wa mbele kushoto, ambao umeanza kupasuka. Ameahidi kuniagizia mwingine, na mpaka ufike ninabeba mtumbwi mmoja tu.