Kisanduku cha kuzoeshea samaki wageni: nyota nne

Tangi langu la maji chumvi ni la lita 200, niko Mombasa, na wenye tangi ni klaunfishi wawili wa aina ya Amphiprion allardi, hawa wa bahari yetu, weusi-kahawia wenye mikanda miwili myeupe. Klaunfishi wote huzaliwa madume, kisha mkubwa hugeuka jike. Jike wangu ana inchi chache tu lakini nikitia mkono kufuta kioo ananing'ata bila aibu. Sasa mwekee samaki mgeni uone.

Ndiyo maana nilinunua kisanduku hiki cha plastiki angavu chenye matundu, kinachonatishwa kwa ndani ya kioo kwa mipira ya kunyonya. Mgeni anakaa humo, wenyeji wanamwona ila hawamfikii. Wa kwanza alikuwa kadinali wa Banggai, samaki mpole anayekwenda taratibu. Jike alikuja mbio, akagonga plastiki kwa mdomo, akatanua mapezi, na kadinali akajibana pembeni. Jike aliendelea hivyo hadi taa zikazimwa. Siku zilizofuata akapunguza, mpaka akawa anakula kando ya kisanduku kama hakuna mtu. Hapo nikasogeza mawe kidogo ili mipaka yake ivurugike, nikazima taa, nikafungua. Hakuna pezi lililochanika.

Lakini ieleweke: kisanduku kinapima hasira za mwenyeji, hakikuambii mgeni atakuwa nani akikua. Muuzaji alinishikilia nichukue domino, yule mweusi mwenye madoa matatu meupe: "Chukua watatu, bei poa, hawafi hawa." Kweli hawafi. Akiwa mdogo ni mtulivu na anapendeza, tena hukaa kwenye anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri inayowasha, kama klaunfishi. Tatizo ni hilohilo: tangini mwangu anemoni ni moja, na domino akikomaa ni mkorofi haswa. Nilimwacha dukani. Simba-samaki naye angekaa kisandukuni kwa adabu zote, halafu ammeze kila anayeenea mdomoni. Klaunfishi wa aina mbili tofauti kwenye tangi la ukubwa huu, usijaribu kabisa.

Pia hii si karantini. Maji ni yaleyale, kwa hiyo mgeni mwenye ugonjwa wa madoa meupe atawaambukiza wote kupitia matundu. Mtenge kwanza kwenye tangi lake, angalau wiki nne.

Kasoro: mipira huachia ikishaota ukungu wa kijani, kwa hiyo ioshe mara kwa mara. Mfuniko nao umelegea, samaki wangu mwingine, faiafishi, aliruka akatokea upande wa jike kabla ya wakati wake. Bahati alijificha kwenye mwamba. Siku hizi naubana kwa kamba ya mshipi, na chakula kilichobaki nakinyonya kwa bomba kwa sababu maji humo ndani hayazunguki vizuri.

Nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya huo mfuniko.