Tahadhari: wakala anayeuza "udahili" wa vyuo vikuu vya Hispania

Wakuu, mwenye kijana aliyemaliza kidato cha sita na kuahidiwa shahada ya kwanza Hispania, soma hii kabla hamjatuma hela.

Kuna wakala anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, anajiita mwakilishi wa chuo kikuu cha serikali kilichopo Madrid. Anachotaka ni picha ya cheti cha NECTA na shilingi 2,400,000 kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Mitihani hakuna, Kihispania "utajifunzia huko huko". Binamu yangu akalipa. Barua ikaja kweli, ina nembo na mhuri. Tulipompa mtu anayejua Kihispania aisome, kumbe ni nafasi ya kozi ya lugha ya miezi mitatu kwenye shule binafsi! Chuo kikuu hakitajwi popote, ni ile nembo tu imebandikwa juu.

Utaratibu wenyewe ni mrefu, na ndiyo maana njia ya mkato inauzika. Cheti chetu hakipokelewi hivi hivi. Kinapitia wizara ya elimu ya Hispania ili kitambuliwe kuwa sawa na Bachillerato, cheti chao cha kumaliza sekondari ya juu, hatua wanayoiita homologación. Kabla ya hapo nyaraka zihalalishwe, kisha zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Vyuo vingi vya serikali vinataka pia hati ya UNEDasiss, huduma ya chuo kikuu cha UNED inayokokotoa alama za waombaji wa nje. Alama hizo zinapandishwa kwa mitihani iitwayo PCE, na anayetaka udaktari wa binadamu bila kuifanya anajisumbua bure.

Lugha nayo: kozi zinazofundishwa kwa Kihispania mara nyingi hudai kiwango cha B1 au B2, yaani ujuzi wa lugha wa kati. Huyu bwana anauza hadi cheti cha DELE kwa laki sita. DELE inatolewa na Instituto Cervantes, na unaipata kwa kukaa kwenye mtihani: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Ukikamatwa ubalozini na cha kughushi, ni wewe, siyo yeye.

Mtego mwingine ni "shahada" ambazo kule ni título propio, yaani cheti cha chuo chenyewe kisicho rasmi kitaifa. Shahada rasmi zote zimo kwenye rejista ya serikali yao, RUCT, iko wazi mtandaoni. Andika jina la kozi uone.

Na hapa kwetu, wakala wa vyuo vya nje anatakiwa awe na kibali cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Nilipomwomba namba ya kibali chake akaniblock.

Risiti za muamala tumeshapeleka polisi. Kama nawe umelipa, hifadhi meseji zote na majina yaliyotokea wakati wa kutuma hela, kisha ripoti kituo cha karibu. Namba anabadilisha kila mara, lakini barua anazotuma zinafanana hadi makosa ya tahajia.