Ampu na sabufa: hesabu omu kabla ya wati

Sabufa yangu (spika ya besi) ya inchi 12 ina koili mbili (nyaya zilizosokotwa zinazoisukuma spika), kila moja ya omu 2, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Ampu (kikuza sauti) niliyoinunua siku hiyohiyo ilikuwa na onyo kwamba isishushwe chini ya omu 2. Muuzaji akanihakikishia: "Dada, mbili kwa mbili, hapo vimeoana." Nikalipa.

Havikuoana. Koili mbili za omu 2 haziwezi kukupa omu 2 hata ufanyeje. Ukiziunga sambamba unapata omu 1, ukiziunga mfululizo unapata omu 4. Fundi aliziunga sambamba, na kila besi ilipopanda ampu iliwasha taa nyekundu na kujizima. Tukazigeuza mfululizo, ikatulia, lakini ampu ya wati 500 sasa ikawa inatoa 300. Na sabufa hiyohiyo yenye koili za omu 4 ilikuwa kwenye rafu ya pembeni, bei ileile!

Ndiyo maana hapa sizungumzii inchi, umbo la boksi wala taa za urembo. Nazungumzia koili, kwa sababu ndicho kitu ambacho wanunuzi hawaulizi na wauzaji hawasemi. Boksi linaandikwa "omu 4" bila kufafanua kama ni kila koili au zote pamoja. Nenda na mita yako upime koili moja. Ya omu 4 kwa kawaida husoma kama 3.5, kwa sababu mita hupima ukinzani wa waya peke yake.

Koili mbili za omu 4 zikiwa sambamba ni omu 2, zikiwa mfululizo ni omu 8. Kwa hiyo kama ampu yako inaishia omu 2 na unataka sabufa moja, chukua ya koili za omu 4. Ukitaka sabufa mbili mambo yanageuka: chukua za koili za omu 2, unga koili za kila sabufa mfululizo, kisha sabufa zenyewe sambamba, utapata omu 2 kamili. Ampu inayostahimili omu 1 ni kinyume chake: sabufa moja ya koili za omu 2, au mbili za koili za omu 4 zote sambamba.

Sasa chaguo zangu.

Ya kwanza ni JL Audio HD750/1, na sifichi kwamba naipenda. Inatoa wati 750 za RMS (nguvu inayotolewa muda wote, si ya kilele) kuanzia omu 1.5 hadi omu 4, yaani nguvu haipungui ukinzani ukipanda. Ndiyo iliyoiokoa sabufa yangu: koili zimeungwa mfululizo, omu 4, na sipotezi kitu. Usiishushe omu 1 tu. Ni ghali, nakiri, lakini mimi nilishalipia ampu mbili kabla ya kuifikia.

Ya pili ni Rockford Fosgate R500X1D: wati 500 kwa omu 2, 300 kwa omu 4. Ni ampu nzuri sana kwa atakayeilisha omu 2, basi ipe sabufa moja ya koili za omu 4. Ukiipa sabufa moja ya koili za omu 2 utarudia kosa langu.

Ya tatu, kama tayari una ampu ya chaneli nne, unaweza kubriji chaneli mbili, yaani kuziunganisha zifanye kazi kama moja. Kumbuka kila chaneli hapo huona nusu ya mzigo, kwa hiyo nyingi haziruhusu chini ya omu 4. Sabufa ya koili za omu 2 ikiungwa mfululizo inakaa hapo vizuri.

Ampu za bei ya chini kabisa sizipangi. Soma fyuzi zake tu.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nimeonyeshwa ampu iliyoandikwa wati 3000, ubavuni ina fyuzi moja ya ampea 30. Zidisha 30 kwa volti 13.8: ni wati 414 zinazoingia. Ampu nzuri ya daraja D hugeuza takriban asilimia 80 kuwa sauti, yaani kama wati 330. Hizo 3000 zinatoka wapi? Nilipouliza, nilijibiwa kwamba hiyo ni "MAX" na kila mtu anajua. Si kila mtu anajua. Kuna anayejinyima miezi mingi kwa ajili ya tarakimu hiyo, kisha anauziwa na nyaya za alumini zilizopakwa shaba, akiambiwa ni shaba tupu. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ndani pakiwa peupe, mrudishie muuzaji palepale, kabla hujatoa pesa.